IST inavuma mbele: beringi ya kushoto nimebadilisha, mvumo uko palepale

Wa_Mlandizi
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST ya 2004, cc 1300. Nakaa Mlandizi, kazi iko Dar, kwa hiyo Morogoro Road ndiyo maisha yangu. Miezi mitatu sasa gari inavuma mbele. Inaanza kwenye 50, ikifika 80 redio haisikiki, mke wangu ananiongelesha kwa mikono. Fundi wa mtaani alitikisa tairi la kushoto, akasema beringi imekufa. Tukabadilisha. Mpya aliiingiza kwa nyundo na kipande cha bomba, mimi nimesimama naangalia. Mvumo haukupungua hata kidogo, na sasa anataka ninunue matairi. Sina hela ya kubahatisha tena. Jeki ninayo, spana ninazo, matofali ya kuegeshea yapo, Jumamosi sina kazi. Nitajuaje tatizo ni nini, na hii kazi inafanyika nyumbani?

Mkono_Grisi
Pole mkuu. Usifungue nati hata moja kwanza. Tafuta barabara nyoofu isiyo na magari, tembea 60, yumbisha usukani taratibu huku na huku. Ukikata kulia, uzito unalalia magurudumu ya kushoto. Mvumo ukipanda hapo, mshuku wa kushoto. Ukipanda ukikata kushoto, mshuku wa kulia. Tairi lililoliwa vibaya kwa kawaida halijali unakata wapi, ila sauti yake hubadilika lami inapobadilika. Kama ni ka-ka-ka kwenye kona kali, hiyo ni CV joint, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu, kesi nyingine.

Ukirudi, vuta hendibreki, weka nyutro, inua upande mmoja. Mkono mmoja uzungushe gurudumu, mwingine ushike springi ya shokapu. Beringi ikiwa nzima, hutahisi kitu. Iliyochoka, springi inakutekenya vidole kama simu inayoita mfukoni. Kutikisa tairi peke yake hakutoshi: beringi inaweza kuvuma muda mrefu kabla haijaanza kucheza. Na sikio usiliamini, sauti inapita kwenye bodi inatokea upande usio wake.

Matofali sahau. Tofali linapasuka bila kuaga. Azima stendi za chuma.

Bwana_Shortcut
Yote haya ya nini? Peleka gereji, kaa kivulini, kunywa soda.

Wa_Mlandizi
Soda nilishakunywa mara ya kwanza, mkuu.

Nimetoka kujaribu. Nikikata kushoto inanguruma, nikikata kulia inanyamaza. Springi ya kulia inatekenya kweli. Kumbe tulitoa beringi nzima! Kinachoniuma zaidi, hii mpya ya kushoto nayo imeanza kutekenya kwa mbali.

Mkono_Grisi
Hiyo ni kazi ya nyundo. Ukigonga ringi ya ndani ili ya nje iingie, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinachimba vishimo njiani mwao. Beringi inazaliwa na ugonjwa.

Kwa hiyo kulia fungua mwenyewe, presi, ile mashine ya kusukuma beringi kwa nguvu, waachie wenye presi. Nati ya katikati, soketi 30, ilegeze gari ikiwa chini, baada ya kunyoosha mdomo wake uliokunjwa kwenye mfereji wa shafti. Kaliperi ya breki ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wa breki. Bolti mbili za shokapu zichore alama kabla ya kuzitoa, na alaimenti ukapime hata hivyo. Kile chuma chote kilichobeba habu (kitovu kinachofungwa gurudumu) kipeleke kwenye presi, na usiondoke pale. Beringi ikiingia kwenye chuma, isukumwe kwa ringi ya nje. Habu ikiingia kwenye beringi, ringi ya ndani iegemezwe kwa chini. Akichanganya hayo mawili, umerudi kwenye nyundo.

Ringi ya zamani ikibaki kwenye habu, aikate kwa grenda karibu imalizike, halafu tindo moja. Asiguse habu yenyewe.

Kufunga: nati mpya, kaza kwa Newtonmita 216. Huna spana ya kupimia nguvu ya kukaza? Bomba la mita moja likiwa limelala sawa na ardhi, gari chini, breki imekanyagwa, ning'iniza mwishoni ndoo ya lita 20 imejaa maji. Si maabara, lakini inakaribia. Ukipata spana yenyewe, rudia.

Wa_Mlandizi
Nimemaliza saa kumi na mbili jioni, mikono haitamaniki. Beringi ya zamani nimeipasua nione: njia ya gololi imebanduka kama lami baada ya masika, grisi imekuwa kahawia na chenga za chuma ndani. Mwenye presi alitaka kusukuma habu bila kuegemeza chochote, nikamshika mkono. Akanicheka, ila akaweka kipande cha bomba chini.

Nimeenda mpaka Chalinze na kurudi. Kulia kimya kabisa. Sasa nasikia kushoto, kadogo, kama mbu. Jumamosi ijayo narudia huko. Swali moja: saklipu ya kushoto fundi aliipinda akiitoa. Naweza kuinyoosha niirudishe?

Mkono_Grisi
Usinyooshe. Hiyo ndiyo inaizuia beringi isitoke kwenye kitanda chake. Nunua nyingine pamoja na beringi, na hakikisha imeingia kwenye mfereji wake duara zima kabla hujaondoka kwenye presi.