Naomba ushauri: Je, bunge la jimbo linaweza kuilazimisha benki imara kulipia amana za benki iliyofilisika?

Mtahiniwa_Sheria: Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naandika tasnifu kuhusu mamlaka ya mabunge ya majimbo ya Marekani kusimamia na kufilisi benki yalizozisajili, na nimekwama kwenye kesi ya Noble State Bank dhidi ya Haskell ya mwaka 1911. Sheria ya Oklahoma ya mwaka 1907 ilizitaka benki za jimbo zichangie asilimia 1 ya wastani wa amana zao katika mfuko wa dhamana, ili benki moja ikifungwa na mali zake zisipotosha, wenye amana walipwe kutoka humo. Benki ya Noble, iliyokuwa na uwezo wa kulipa madeni yake, ilidai kwamba inanyang'anywa mali yake ili kulipa madeni ya jirani, ikashindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mimi naiona ni dhuluma. Msimamizi wangu ameirudisha sura hiyo mara mbili, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu neno moja tu: "Leseni?" Anataka nini?

Mzee_wa_Mizania: Kijana wangu, jibu umeshapewa. Kupokea amana za watu ni ruhusa iliyotolewa na jimbo, kwa hati ambayo jimbo lingeweza kuibadilisha au kuifuta. Tena Jaji Holmes, aliyeandika hukumu ya kesi hiyo, hakusema kwamba mchango ule ni zawadi kwa benki iliyoanguka. Alisema lengo kuu ni kuifanya hundi iaminike. Fundi akilipwa kwa hundi, akampa mwenye duka, naye akaipeleka benki nyingine, anguko la benki ya kwanza linawagusa wote watatu, pamoja na hiyo benki ya pili inayojiona salama.

Mama_Akiba: Kikundi chetu kilikuwa na amana katika benki moja iliyofungwa hapa Tanzania, wakati kinga ya bima ya amana ikiwa shilingi 1,500,000. Tulisoma tangazo mlangoni, mweka hazina wetu akiwa ameshika kitabu cha benki alichokifunga ndani ya kitenge. Kilichozidi kiwango hicho tuliambiwa tumsubiri mfilisi akusanye mikopo na kuuza mali. Leo kinga ni 7,500,000. Mwanangu, kabla hujaandika neno dhuluma, simama kwanza kwenye foleni ile.

Msoma_Hukumu: Nakubaliana na mama, ila wewe Mtahiniwa nakuongezea kwamba umechanganya mambo mawili. Kutoza mchango ni jambo moja, na kupanga namna ya kufilisi ni jingine. Kuhusu la pili, soma Gibbes dhidi ya Zimmerman (1933), iliyotoka South Carolina: mwenye amana hana haki ya kudumu juu ya njia fulani ya kudai, mradi abakiziwe njia ya kutosha. Kuhusu la kwanza, hoja yako inaweza kupata makazi katika kesi ya Abie State Bank ya Nebraska (1931), ambamo mahakama ilikiri kwamba tozo iliyokuwa halali mwanzoni inaweza kugeuka unyang'anyi hali zikibadilika, ingawa benki zile nazo zilishindwa. Oklahoma yenyewe ilikuwa imeufuta mfuko wake mwaka 1923.

Mtahiniwa_Sheria: Shikamoo Mzee, shikamoo mama, na ahsante Msoma Hukumu. Basi sitauliza tena kama bunge lilikuwa na mamlaka ya kutoza. Nitauliza ni lini tozo hiyo ilivuka mpaka, na sura nitaianzia Nebraska. Ufilisi nitauandikia sura yake.