MREJESHO: Kapu la mteja mpya kujaa vitu vya mteja aliyetangulia

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini programu yangu ya duka, ya Python, inachanganya makapu. Mama kanunua sabuni tu, risiti inamdai na sembe kilo 2 ya mtu mwingine.

Aliyeniambia nichapishe id(kapu), ile namba ya utambulisho ambayo Python hukipa kila kitu, kila fanksheni inapoitwa, Mungu akubariki. Namba ilikuwa ile ile kwa wateja wote. Mchawi huyu hapa:

def ongeza(kitu, kapu=[]):

Ile orodha tupu Python huiunda mara moja tu, inapopita kwenye def, siyo kila unapoiita fanksheni. Kila mteja ambaye sikumpa kapu lake alikuwa anatumbukiza kwenye lile lile moja. Nimeweka kapu=None (yaani hakuna kapu), na ndani ya fanksheni:

if kapu is None:
    kapu = []

Risiti zimetulia.

Kinachoniuma ni kwamba hili nalijua! Mwaka jana nilimsema dogo wa ofisini kwa kosa hilihili. Ila vidole vikishaandika jina na alama ya sawasawa, mabano yanajichapa yenyewe huku mimi nawaza chai. Nimepekua mradi mzima nikakuta makosa mengine manne ya aina hiyo, moja lina {}, yaani kamusi tupu badala ya orodha. Nimekuta pia except: tupu yenye pass chini yake, yaani hitilafu ikitokea programu inaimeza kimya kimya na kuendelea, sikumbuki hata nimeiandika lini. Hiyo naifungua kesho, nina wasiwasi na ilichomeza.

Aliyenishauri nibadilishe kanzidata, mkuu, nilikaribia kukusikiliza.