Gari la kuingia mtoto na kitimwendo chake, tuko Uru, Moshi: naombeni ushauri

MamaUru

Habari za jioni ndugu zangu. Mnivumilie kama maneno yatakuwa mengi.

Nina kijana wa miaka 12, ana mtindio wa ubongo. Hatembei, na akichoka shingo haikai imara. Alipokuwa mdogo nilimbeba mgongoni kwa kanga, nashuka naye mpaka Rau, tunapanda daladala, tunafika hospitali ya KCMC kwenye mazoezi kabla jua halijawa kali. Sasa ana kilo 34. Mwezi wa nne, katikati ya masika, mgongo wangu uligoma nikiwa nampandisha kwenye bajaji. Tulikaa chini kwenye tope wote wawili. Yeye akacheka, akadhani ni mchezo. Mimi nilikuwa nalia.

Tangu siku hiyo tumekosa kliniki mara tatu, na si kwa uzembe. Kitimwendo chake hakikunjiki, maana kina mbavu za pembeni za kumzuia asilale upande na kina mahali pa kuegemeza kichwa. Konda akikiona tu anagonga bodi, gari linaondoka. Akikubali, nalipa nauli ya watu watatu, mtoto nampakata, kiti kinafungwa juu kwenye kereia kwa kamba. Siku moja tulishuka tukakuta kikanyagio cha mguu wa kulia hakipo, kimedondoka njiani. Nilirudi kwa miguu kukitafuta, sikukiona.

Mume wangu ni seremala. Tuna milioni 9 SACCOS na tunaweza kukopa nyingine kama hizo. Wazo letu ni Noah ya mkononi, tutoe siti za nyuma, fundi wa kuchomelea atutengenezee rampu. Wengine wanatuambia tuagize Japani lile lililotengenezwa kabisa kwa ajili ya kitimwendo. Kuna aliyepita njia hii? Sitaki mwanangu asafiri kama mzigo. Nataka aingie akiwa amekaa kwenye kiti chake, afungwe vizuri, aone barabara.

FundiNjoro

Pole sana mama. Mimi ni fundi bodi hapa Moshi, nimeshafanya kazi mbili za namna hii, na moja naijutia, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Kabla hujalipa hata shilingi, chukua futi ya mzee. Mkalishe kijana kwenye kiti chake, pima kutoka chini mpaka utosini. Halafu kapime uwazi wa mlango wa nyuma wa hiyo Noah, kutoka sakafuni mpaka ukingo wa juu pale mlango unapofungia. Usipime dari la ndani. Ndani gari ni refu, mlangoni ni fupi, na hapo ndipo kichwa kinapogonga. Kazi niliyoijuta ilikuwa hiyo: rampu nzuri, sakafu nzuri, mtoto haingii mpaka ainamishwe. Nililazimika kurudisha pesa ya watu.

Pili ni urefu wa rampu. Tuseme sakafu ya nyuma iko sentimita 50 kutoka chini. Ukitengeneza rampu ya mita moja na nusu, unasukuma karibu theluthi ya uzito wote. Kijana kilo 34, kiti tuseme 18, jumla 52. Ni kama kunyanyua kilo 17 huku unapanda mteremko, na ukiteleza vinakurudia wewe. Rampu ya mita mbili inashusha mpaka kilo 13 hivi, lakini yenyewe inakuwa nzito na haina pa kukaa ndani ya gari. Kwa mgongo unaouma sikushauri.

Tatu, kufunga kiti. Breki za kitimwendo hazishikilii kitu gari likipiga breki ya ghafla. Inatakiwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, ikamate fremu ya kiti, wala si magurudumu wala mbavu. Ndoano zake ziingie kwenye chesisi. Fundi akikuambia atapiga bolti kwenye bati la sakafu tu, ondoka. Na mtoto awe na mkanda wake mwenyewe, wa kiunoni na begani, ulioshikwa na gari. Ule mkanda wa kwenye kiti ni wa kumkalisha sawa tu.

Kiboriloni_Kwetu

Dada, kwa bajeti hiyo kwa nini usichukue guta? Nyuma unafungua, unaweka mbao, kiti kinapanda, unajenga kibanda cha turubai juu. Kuna mzee huku anampeleka mkewe kliniki hivyo.

MamaWawili_Sakina

Kaka, kwa mzee mwenye shingo ngumu sawa. Mtoto mwenye mtindio akirushwa na mashimo nyuma ya guta anakaza mwili mzima, anafika hospitali hata mazoezi hayawezekani. Wangu alinifanyia hivyo kwenye pikapu tu.

MamaUru, mimi niko Arusha, binti yangu ana miaka 9. Naongeza jambo moja. Hapo hapo KCMC kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vitimwendo. Peleka kiti wakiangalie kabla ya kununua gari. Waulize kama fremu ina mahali pa kufungia mikanda na kama pa kuegemeza kichwa patahimili gari. Kikanyagio pia usikiache hivyo, mguu unaoning'inia unavuta nyonga.

BabaTengeru

Shikamooni wakubwa. Sisi tuliagiza Japani, ninaandika ninayoyajua.

Ukitafuta Toyota, wenyewe Wajapani haya magari wanayaita Welcab. Yapo ya siti inayotoka nje, hiyo haikufai. Unayotaka wewe ni ya rampu nyuma, na Noah zipo. Sakafu ya nyuma imeshushwa kiwandani, kwa hiyo rampu si kali na mlangoni kichwa kinapita. Letu linapiga magoti: unabonyeza kitufe, nyuma inashuka. Kuna mikanda ya umeme inayokivuta kiti ndani, mimi naelekeza tu kwa mkono. Mke wangu anampandisha binti yetu peke yake, akiwa na kitenge chake na kikapu mkononi.

Ubaya wake ni kwamba iko chini. Matuta nayavuka kwa kukata upande, na mvua ikinyesha kwenye njia ya kihambani naliacha barabarani. Kule Uru fikirieni hilo. Springi za nyuma zikifa, kipuri hukipati gereji ya kawaida.

Kuhusu ushuru: Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, inataja msamaha kwa gari moja lililotengenezwa mahsusi kwa mtu mwenye ulemavu. Sisi tulianzia TRA na karatasi za daktari kabla ya kulipia gari, wala si lilipofika bandarini. Noah ya kawaida uliyoichomelea mwenyewe hapa si habari hiyo.

MamaUru

Mungu awabariki. Leo tumepima. Kijana kwenye kiti ni sentimita 124 mpaka utosini. Jirani ana Noah ya abiria, katuruhusu: mlango wa nyuma tumepata 117. Mume wangu alipima mara tatu, akakunja futi bila kusema neno. FundiNjoro, umetuokoa milioni kadhaa.

Kwa hiyo ya kuchomelea tumeiacha. Njia ya kwetu kweli ni mbaya, lakini kwa shemeji barabarani kuna pa kupaki, na kutoka hapo mpaka nyumbani namsukuma mwenyewe, ni kama mita 200. Jumatatu naenda TATCOT na kiti, Jumanne TRA. Wakati tunasubiri, jirani kakubali kutupeleka kliniki mara mbili kwa mwezi kwa bei ya mafuta. Mtoto atakaa siti ya kawaida na mito pembeni, baba yake atamnyanyua.

BabaTengeru, kabla hatujatuma pesa Japani, naomba tuje Jumamosi tulione gari lenu. Tutakuja naye na kiti chake, nataka nimwone akiingia. Na ninaomba mkeo awepo, nimuulize ya mgongo.

BabaTengeru

Karibuni sana. Njooni kabla ya saa 4, baadaye tuna kwaya ya binti kanisani. Nimekutumia namba inboksi.