Depite (mbunge) akikataa kulipa fundi, imunite (kinga ya kutoshitakiwa) inamukinga?

Fundi Mbao
Jambo yenu bote. Nilitengenezea onorable moja, depite wa hapa Lubumbashi, meza ya kulia na viti sita, jina sitaji. Alitoa avansi ya nusu, iko karatasi ya kaye, bei iko juu na sinyatire yake chini. Vitu vilifika kwake, hata miguu ya meza nilienda kuipiga vernisi tena juu mama wa nyumba alisema rangi haikushika vizuri. Baki haijatoka mpaka leo. Nikipita, polisi wa kwenye mulango ananiambia acha muzee, ule mutu ana imunite, depite hashitakiwi. Mi nauliza, hii imunite ni ya kazi gani? Mi naona baitoe kabisa kwenye konstitisio, raia haimusaidie kitu. Munasema je?

Drua Unilu
Pole sana muzee. Ule polisi amekudanganya. Imunite iko kwenye artikele 107 ya konstitisio ya Kongo ya 2006 na iko ya sehemu mbili. Ya kwanza, depite ao senatere hafuatiliwi, hatafutwi, hakamatwi wala kuhukumiwa juu ya maoni ao kura aliyotoa mu kazi yake. Ya pili ni makosa mengine ya penali (jinai): kama sesio inaendelea parke (bashitaki ba serkali) inaomba kwanza ruhusa ya Asamble (bunge la badepite) ao ya Sena (la basenatere), kama sesio imefungwa kumukamata kunaomba ruhusa ya biro. Akishikwa flagra deli, yaani pale pale akitenda, hakuna ruhusa ya kungoja. Deni la viti ni jambo la sivili (madai), hakuna mutu anataka kumufunga. Peleka ile karatasi tribinali, wisie, mutumishi wa tribinali, atamufikishia barua kama anavyofikishia mutu yote.

Mwana Ruashi
Drua amesema vizuri, lakini tusikie na upande mwingine. Mafundi wa Katuba tunabajua, unatoa avansi mwezi wa tano, kitanda unalalia mwaka unaofuata, na mulango wa kabati haufungi. Pengine onorable naye yuko na lake la kusema.

Mama wa Katuba
Weeee Mwana Ruashi! Nani alikuambia fundi ni wa Katuba? Umesoma wapi? Mutu amekuja na shida ya franga yake na wewe unamutukania komini nzima. Baba yangu alilisha batoto tisa na randa na musumeno pale Katuba, nusu ya milango ya hii muji ilitoka ku mikono ya batu kama yeye. Omba musamaha.

Fundi Mbao
Niko wa Katuba kweli mama, asante. Na wewe kijana wa Ruashi, viti vyangu vilifika wiki tuliyopatana, uliza dreva wa pusi-pusi aliyevisukuma. Mulango wa kabati ukikataa kufunga ni juu mulinunua mbao mbichi kwa bei ya chini, mukamulazimisha fundi atumike nazo hivyo hivyo. Mbao inakauka, inajikunja. Usiniongeleshe juu ya kazi yangu.

Mwana Ruashi
Sikumutaja mutu. Aliyesikia moto anajua mahali unamuchoma.

Muzee wa Kenya
Batoto acheni, mi muzee wa komini ya Kenya hapa Lubumbashi nasema. Mi nataka kurudi ku ile neno ya fundi, eti imunite itolewe. Fundi, una hasira na haki unayo, lakini ile neno inaniogopesha. Kumbukeni Kabund. Alikuwa depite, alipata kuwa vis-prezida wa kwanza wa Asamble, mu 2022 alisema maneno makali juu ya Mukubwa wa inchi mbele ya bajurnaliste, mwezi wa nane akakamatwa, 2023 akapewa miaka 7. Hapo imunite ikiwa ingali kwenye karatasi! Sasa mukiitoa, nani atasimama kwenye Asamble kuuliza pesa ya migodi yetu inaenda wapi? Bule tu.

Drua Unilu
Muzee, kwa heshima, Kabund hakusemea mu sali ya Asamble. Batu bengi banasema 107 inalinda maoni «mu kazi», ndiyo ugomvi ulikuwa pale, konferansi ya bajurnaliste ni kazi ao si kazi.

Muzee wa Kenya
Depite anaongea na raia aliyemuchagua, unaniuliza kama ni kazi? Sasa kazi yake ni gani, kulala kwenye fotei ya Kinshasa? Mufundishwe vizuri kule iniversite.

Maître Kiloko
Na Matata Ponyo, waziri mukubwa wa zamani, munamusahau. Mei 2025, Kuru Konstitisioneli (korti ya konstitisio) ilimupa miaka 10 ya kazi ya nguvu juu ya pesa ya mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo, na Asamble ilikuwa inalalamika kwamba hawakuwaomba batoe imunite ya depite wao. Kwa hiyo tusiseme imunite ni ukuta. Inatumika kwa ule ambaye bakubwa bangali banamupenda.

Yaya Bijou
Mi hata imunite si shida yangu, shida yangu ni supleani, ule anayeshika kiti cha depite akitoka. Depite anapewa iministre, bibi yake ao mutoto wake anaingia mahali pake, akitolewa mu serkali anarudia kiti chake kama alikuwa ameenda sokoni. Ile walibadilisha mu revizio (marekebisho) ya konstitisio mu 2011, artikele 110, mbele haikukuwa hivyo. Nani alimupigia kura ule mutoto?

Mwana Ruashi
Yaya, kama mutoto alisoma, kosa liko wapi?

Yaya Bijou
Kosa liko hapa, mi nilichagua baba, sikuchagua familia. Na wewe leo umeamkia upande gani, kila mutu unamujibu vibaya.

Fundi Mbao
Drua, wisie analipwa na nani? Na nikienda tribinali, si batanifunga mimi?

Drua Unilu
Wewe unatanguliza frais, ukishinda unaomba azirudishe. Hakuna wa kukufunga juu ya kudai deni. Fotokopi ya karatasi fanya mbili, ile ya kweli usimuachie mutu, hata avoka wako. Na ule dreva wa pusi-pusi mutafute, ni shahidi.

Maître Kiloko
Na juu ya kuitoa imunite kabisa: artikele 218 inaruhusu raia 100.000 batie sahihi ku petisio, wailete Asamble ao Sena. Ila 219 inakataza revizio wakati wa vita ao eta de siyeji (hali ya hatari, jeshi likitawala), na Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya eta de siyeji tangu Mei 2021. Kwa hiyo hata mukipata sahihi zote, mutangoja.

Muzee wa Kenya
Mi sitii sahihi. Baongeze tu kifungu kwamba depite mwenye deni la raia habaki na gari la Asamble mpaka alipe.

Mama wa Katuba
Ile nitasaini, muzee. Lakini siyo ku karatasi moja na Mwana Ruashi, mpaka aombe Katuba musamaha.