Mjadala: Sarafu na nyota kwenye magemu ya kujifunzia zinamjenga mtoto au zinamharibu?

Baba wa Kimara: Wadau, mwanangu wa darasa la tatu ana gemu la hesabu kwenye kishikwambi. Kila jibu sahihi sarafu 10, na sarafu zinanunua kofia ya simba. Jana nikamchungulia. 7 mara 8: akagonga 54, kimya. Akagonga 63, kimya. Akagonga 56, sarafu zikamwagika. Nikamuuliza, 7 mara 8 ngapi? "Ngoja baba, bado sarafu 30 nipate kofia." Anaanaado tupu! Kukosea hakumgharimu kitu, ahangaike kufikiri kwa nini? Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake, Marekani, walionyesha kuwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora, wakaahidiwa cheti wachore, baadaye hamu yao ilipungua. Mimi nasema zawadi ziondolewe.

Mwalimu, Temeke: Baba, heshima yako, ila hapo umeruka kipande. Kwenye utafiti huohuo, waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu. Halafu wale walikuwa wanapenda kuchora tangu mwanzo. Wangu wakiona hesabu za sehemu tu, nusu ya darasa wanaomba kwenda chooni. Hamu ipi niogope kuiharibu? Nyota ndiyo inayowakalisha.

Fundi programu, Sinza: Mnagombea sarafu bure. Kwenye gemu hilo ukitoa hesabu ukaweka tahajia, hakibadiliki kitu, maana hesabu imebandikwa tu juu ya mchezo. Mimi nimejaribu kutengeneza gemu la konda. Abiria anatoa noti ya elfu tano, analipia watu watatu, mmoja mwanafunzi. Ukikosea anafoka, "Konda, chenji yangu!", gari haling'oki, na la nyuma linakuwahi kituoni. Nyota sikuweka hata moja, na mpwa wangu kacheza mpaka chaji ikakata. Shida ni kwamba limenila miezi minne. La sarafu ningelimaliza kwa wiki mbili, na wanaolipa wanataka la wiki mbili.

Mwalimu, Temeke: Hilo nilete darasani hata kesho. Ila wasiojua hesabu za kutoa kabisa watafokewa na abiria siku nzima, watalichukia.

Fundi programu, Sinza: Kweli mwalimu. Abiria wa mwanzo itabidi walipe nauli kamili isiyodai chenji.

Baba wa Kimara: Na mtoto akigundua kuwa akimpunja abiria anabaki na hela?

Fundi programu, Sinza: Mpwa wangu ameshagundua, kaka. Sasa anapiga hesabu mara mbili: chenji halali, na ile ambayo abiria hatashtuka.