Binti anataka kuacha sayansi akachore katuni za kompyuta: nimnunulie laptop au nilipie tuisheni? (uzi wa 2025)

Baba Wawili
Wakuu habari za usiku. Naomba ushauri maana nyumbani hakukaliki. Nina binti form three, shule ya kutwa hapa Kahama, mkondo wa amali, yaani ule wa ufundi na stadi. Kichwa kipo, mtihani wa form two alifaulu vizuri tu. Sasa toka likizo ya mwezi wa sita aliposhika simu ya mama yake amekuwa mtu wa katuni, anachora kwa kidole kwenye kioo halafu anaunganisha mpaka zinatembea, kuna moja ya mbuzi kapanda haisi anagoma kulipa nauli, baba yangu mzazi alikuja kututembelea akacheka mpaka akaomba maji. Anasema fizikia na kemia basi, anataka laptop ajifunze animesheni, eti huko mbele kazi zote za kukariri zitafanywa na mashine na atakayekula ni anayebuni. Mama yake anataka hela iende tuisheni ya sayansi. Hela yenyewe laki saba, ikitoka imetoka. Nahitaji kuamua wiki hii. Msinitukane.

Ngosha Vifaa
Nina HP hapa RAM 8, SSD 256, imetumika Ulaya, kava bure. Laki sita na nusu kwa ajili ya binti. Njoo PM.

Mama Mchungaji
Tatizo linaanzia kwenye simu. Mtoto wa kike form three anakaa na simu likizo nzima mnamwangalia halafu mnakuja kutuuliza sisi. Mlipie tuisheni, amalize shule. Nchi hii ni ya vyeti. Mmesahau 2017? Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti feki, wapo waliokuwa wanaijua kazi kuliko mabosi zao ila walifungasha. Kipaji hakiambatanishwi kwenye barua ya maombi.

Fundi Redio
Mama Mchungaji kwa heshima zote, Edward Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi na hakuna mteja aliyemuuliza alipata divisheni ngapi. Mimi mwenyewe niko darasa la tano nafungua redio za mtaa mzima, mwalimu wa hesabu akinikuta na bisibisi ananipiga nayo. Form four nikapata ziro. Leo nina duka, nina vijana wawili nawalipa. Ila niseme ukweli kuna tenda ya kufunga solar kwenye zahanati niliikosa hivi hivi sababu walitaka cheti, na aliyeipata akaja kwangu kuniuliza waya gani unaingia wapi. Nikamfundisha. Mke wangu wa kwanza mpaka leo ananicheka kwa hilo, lakini hayo tuyaache.

Chaki Nyeupe
Mimi ni mwalimu, sekondari. Mkuu kuna kitu hujakisema. Mzazi haandiki uzi saa sita usiku kwa sababu ya katuni. Kwa nini wiki hii? Shuleni wanasemaje?

Baba Wawili
Shuleni hakuna shida mwalimu. Kuna kasuala kadogo tu kanamalizwa.

Kitunguu Swaumu
Kasuala kadogo 😂 haya mkuu tema.

Chaki Nyeupe
Kasuala gani? Bila hicho unatupotezea muda.

Baba Wawili
Haya. Amesimamishwa. Walipewa insha za likizo, yeye akawa anawaandikia wenzake kwa ChatGPT kwenye hiyo simu ya mama yake, buku mbili kila mmoja, wanaprinti kwa mtu wa steshenari wananakili kwa mkono. Lakini sikilizeni kwanza kabla hamjahukumu. Hakuwapa wote kitu kimoja. Alichukua madaftari yao ya zamani akayasoma, anayeandika "kwasababu" kwa kuunganisha akamwachia hivyo hivyo, asiyejua herufi kubwa akampa ndogo mpaka mwisho. Mwalimu alisahihisha zote akaweka vema. Walikamatwa kwa sababu mvivu mmoja aliambiwa asome insha yake mbele ya darasa akakwama kwenye neno aliloliandika mwenyewe. Sasa niambieni, huo ni wizi au ni akili? Na hao walimu wanaojifanya watakatifu, notisi za uraia walizogawa muhula uliopita zilikuja na mstari wa juu kabisa "Hakika! Haya hapa maelezo uliyoomba". Nimeziona kwa macho yangu.

Kitunguu Swaumu
HAKIKA HAYA HAPA 😂😂😂 mkuu wa shule amwajiri huyo binti awaandalie walimu notisi, angalau yeye anafuta mstari wa kwanza.

Mama Mchungaji
Kwa hiyo mtoto anauza udanganyifu na baba anasifia. Mwisho wa dunia.

Wambo wa Kisumu
Poleni majirani. Sisi huku Kenya tulianza na CBC, mtaala wa umahiri, mtoto anaambiwa atengeneze sanamu ya kufukuza ndege shambani, ni mimi baba mtu mzima nilikuwa nashona kofia ya hiyo sanamu saa tano usiku, asubuhi mwalimu anampongeza mtoto kwa ubunifu. Sasa wa Grade 9 wanachagua njia tatu za kuingia Grade 10 Januari 2026, kuna STEM yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, kuna sayansi ya jamii, kuna sanaa na michezo. Wangu anaimba toka azaliwe. Mama yake amejaza STEM. Sijui mimi.

Chaki Nyeupe
Nimeshuhudia zaidi ya hayo kwa hiyo sishangai. Hiyo ya notisi ni aibu yetu na sitaitetea. Ila mkuu, mimi darasa langu lina watoto tisini na kitu. Zamani nikiwapa "eleza faida tano za misitu" nilikuwa najua nani kasoma. Sasa hivi swali la namna hiyo nakuwa nimeiuliza ChatGPT mwenyewe. Nilichofanya nimebadilisha maswali: nenda sokoni, muulize muuza mchele mmoja kwa nini bei imebadilika toka mwezi uliopita, andika alichokujibu na kwa nini unamwamini au humwamini. Hapo mashine haina cha kusema maana haijafika hilo soko. Wanaoongoza si wale waliozoea kuongoza, kuna mtoto wa mama ntilie alikuwa wa mwisho mwisho, sasa anaandika vitu mpaka nawasomea walimu wenzangu. Lakini kusahihisha kunanimaliza, na Novemba ya form four wanaingia chumba cha mtihani mikono mitupu, bila simu, wanaulizwa yale yale ya faida tano. Hapo ndipo pagumu na binti yako hapakwepi.

Mzee wa Takwimu
Jamani mmeliwa, hii ni CHAI. Rudini post ya kwanza. "Form three, mkondo wa amali." Mtaala mpya wa amali umeanza Januari 2024 na form one. Sasa hivi ni 2025, wakubwa kabisa kwenye amali wako form two. Form three wa amali katoka wapi? Tena anasema binti alifanya mtihani wa form two, yaani mwaka jana, wakati wenzake wa amali walikuwa form one. Katunga hadithi usiku amekosa usingizi.

Kitunguu Swaumu
Aisee. Weka video ya mbuzi tuamini.

Ngosha Vifaa
Mimi nilishaifuta vumbi ile HP.

Mama Mchungaji
Nilijua tu. Na hao kina "Hakika haya hapa" pia wa kutunga.

Chaki Nyeupe
Mzee wa Takwimu yuko sahihi kwenye tarehe. Baba Wawili jibu.

Baba Wawili
Sijatunga. Binti yuko form three ya mtaala wa zamani. Nilipoandika amali nilimaanisha huko ninakompeleka. Kuna shule ya binafsi mkoa mwingine ina amali upande wa sanaa na ubunifu, nimeongea nao, wamekubali aanze form one Januari. Nimeshalipa kianzio laki mbili. Mama yake hajui. Kwa hiyo laki saba kwa sasa ni laki tano. Ndiyo hivyo wakuu, lakini kupoteza miaka mitatu si afadhali kuliko kupoteza maisha kwenye kitu asichokipenda?

Fundi Redio
Kumbe ulishaamua. Umekuja kutafuta baraka. Mimi mpenda bisibisi nakwambia hapana, mtoto amebakiza mwaka mmoja na kidogo unamrudisha akakae na watoto wa miaka kumi na mitatu? Atakukimbia huyo.

Chaki Nyeupe
Na jina lake liko kwenye mfumo, namba ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, inamfuata toka msingi. Ameshafanya mtihani wa taifa wa form two, huwezi kumwanzisha form one kama vile hajawahi kuwepo. Hao waliopokea kianzio walikwambia hilo? Kama kuna mtu amekushauri utumie jina la mtoto mwingine usithubutu, yaliyowakuta watu 2017 yataanzia hapo.
Fanya hivi. Nenda naye shuleni, aombe radhi, arudishe zile buku mbili mbili. Aache fizikia na kemia kama shule yao inaruhusu, abaki na hesabu, na kama kuna somo la kompyuta alichukue. Apate D nne zake kwa uchache, hapo milango ya vyuo vya cheti inafunguka, TaSUBa Bagamoyo ni ya sanaa, VETA za ufundi zipo. Hiyo laki tano ni laptop ya mtumba ya RAM 8. Blender, programu ya kutengenezea animesheni, ni bure kabisa, ile katuni ya paka ya Latvia iliyochukua Oscar 2025 imetengenezwa kwa Blender. Na siyo mbali, Ubongo Kids wanatengeneza katuni za kufundishia watoto hapo Dar toka 2014. Kazi hiyo ipo na inataka mtu anayejua kusoma madaftari ya wengine kama alivyofanya yeye, ila kwa nia nyingine.

Baba Wawili
Nimekuelewa mwalimu. La jina la mtoto mwingine waliligusia kweli, nikakaa kimya. Kesho naenda shuleni. Ila kianzio wamesema hakirudishwi, risiti walinipa ya mkono haina muhuri. Kuna anayejua pa kuanzia?

Mzee wa Takwimu
Fungua uzi jukwaa la sheria. Safari hii anza na risiti.

Ngosha Vifaa
Laki tano basi, na mausi naongeza.