Mizinga 20: Langstroth au KTBH? Naomba ushauri kabla sijamlipa fundi

Asali_Mbichi: Wakuu, habari za muda huu. Fundi anasubiri malipo ya awali ya mizinga 20. Nimebaki njia panda kati ya Langstroth (mzinga wa makasha yanayopandana, masega yako ndani ya fremu) na KTBH (Kenya Top Bar Hive, mzinga wa viunzi: vijiti vya juu ambavyo nyuki wananing'iniza masega), maana kila ninayemuuliza anasifia wa kwake. Upi unafaa?

Mrinaji: Mkuu, hujasema uko wapi, kama mashine ya kukamulia unayo, kama mnunuzi wako anataka asali tu au na nta, wala mbao za fundi ni za aina gani. Bila hayo tunapiga ramli.

Mama_Majana: Kwa nyuki wetu hawa ni KTBH tu. Ukifunua mfuniko wa Langstroth, fremu zote 10 ziko wazi na kundi zima linakupandia. Kwenye KTBH unatoa kiunzi kimoja, pengo linabaki milimita 32, moshi kidogo unatosha. Unautundika kwa waya, nyegere anabaki chini anazunguka. Kasha kubwa la Langstroth likijaa asali linakaribia kilo 40, atalitundika nani?

Seremala_Mkavu: Dada, hayo ya nyegere nakubali. Ila kwenye KTBH kila ukirina unakata sega, nyuki wanaanza kujenga upya. Fremu ya Langstroth unakwangua vifuniko vya nta, unakamua, unairudisha nzima, na nyuki wanajaza tena maua yakiwa bado yapo.

Tatizo la Langstroth ni mbao. Mfano halisi: kundi la mizinga lililochongwa kwa paini mbichi. Siku ya kukabidhiwa kila kipimo kilikuwa sawa, kasha kubwa lina kimo cha milimita 244. Mbao husinyaa kwa upana wake, wala si kwa urefu, na upana wa ubao ndio kimo cha kasha. Ilipokauka, kimo kilipungua karibu milimita 9. Ile nafasi kati ya fremu za juu na za chini ikatoweka. Nyuki wakaziba kwa gundi yao, na ukiinua kasha la juu, fremu za chini zinakuja nalo, masega yanakatika, asali inamwagikia majana (watoto wa nyuki), na malkia anaweza kupondwa hapo hapo. Upande wa mfuniko nako fundi alichimba mkato wa kulalia fremu kwa kina kidogo, fremu zikawa sawasawa na ukingo. Mfuniko ukagandishwa, ukawa unafunguliwa kwa kupigwa patasi. Ukiupiga hivyo, usitegemee nyuki watulie.

Kumbuka: nafasi ikiwa chini ya milimita 6 wanaziba kwa gundi, zaidi ya 9 wanajenga sega la ziada. Katikati ya hapo wanaacha njia.

Mrinaji: Na hicho ndicho alichokiona Mchungaji Lorenzo Langstroth. Mzaliwa wa Philadelphia, 1810. Watu hawajui kwamba alianza na mizinga ya viunzi vya juu, yaani alianza pale pale penye KTBH. Kero yake ya kwanza ilikuwa mfuniko kugandishwa kwenye viunzi. Akavishusha, akaacha nafasi ya inchi 3/8, mfuniko ukanyanyuka bila shida. Kero ya pili ilikuwa masega kushikana na kuta, kila mara kisu. Oktoba 1851 akawaza: nafasi ile ile ya juu, kwa nini isiwekwe na ubavuni? Hapo kiunzi kikapata miguu na sakafu, kikawa fremu.

Kipimo_Sahihi: Tuwe wakweli. Padri Dzierzon kule Silesia, Ulaya, alikuwa na viunzi vinavyotolewa tangu 1838.

Mrinaji: Alikuwa navyo, ila masega yalishikwa ukutani na kukatwa kwa kisu, na mzinga unafunguliwa ubavuni. Ukitaka sega la kumi unaanza kutoa tisa. Langstroth unachomoa lolote kwa juu.

Seremala_Mkavu: Na hakufaidi. Hataza namba 9300 ya 5 Oktoba 1852, halafu watu wakauiga mzinga bila kumlipa. Sehemu kubwa ya maisha yake alisumbuliwa na sonona. Alifia mimbarini Dayton, Ohio, 6 Oktoba 1895. Inaniuma kuona jina lake linabandikwa kwenye kasha ambalo fundi hata rula hakushika.

Mama_Majana: Pole kwake, lakini nyuki wake walikuwa wa Ulaya. Wa kwetu ni wadogo, nafasi ya sega hadi sega ni milimita 32, fremu yake ni 35. Ndiyo maana KTBH ya miaka ya 1970 ilipimwa upya kwa ajili yao.

Asali_Mbichi: Samahani kwa kuchelewa. Niko Manyoni, mashine sina, mnunuzi anataka asali na nta pia. Mbao za fundi ni paini, zimerundikwa nje.

Seremala_Mkavu: Nje? Usimlipe. Chukua vipande viwili vya ubao, pima upana leo, viweke kivulini wiki tatu, pima tena.

Mama_Majana: Mnunuzi anataka nta, mashine huna. Umeshajijibu, mkuu: KTBH.

Kipimo_Sahihi: Si haraka hivyo. Kiunzi cha KTBH cha sentimita 48 kinaingia kwenye kasha la Langstroth. Anza na KTBH 15 na Langstroth 5 uone.

Asali_Mbichi: Kwa hizo Langstroth 5, fremu nichonge za milimita 32 au 35? Na karatasi za nta za kuanzishia sega zinazouzwa zina vyumba vya milimita 5.4, nyuki wetu watazikubali?

Mama_Majana: Vyumba vyao ni kama 4.9. Weka ukanda wa nta wa sentimita 2 tu juu ya fremu, wajenge wenyewe.

Mrinaji: Wakijenga wenyewe bila waya, sega litapasuka mashineni. Piga waya mistari mitatu kwanza.

Mama_Majana: Mashine gani? Amesema hana.